Saini ya Mkono wa Kushoto

Ngolo Mwandu alikuwa ameshabonyeza dole gumba lake kwenye mstari wa mtu mwingine wa karatasi ya mishahara kabla Pudensiana hajamzuia.

"Siyo hapo, baba. Hapo ni pa mpishi wa Mishamo. Wewe uko huku chini."

"Basi mpishi ana bahati. Kapata dole la Msukuma bila kutoa hata ndama." Ngolo alicheka mwenyewe, akajifuta wino kwenye suruali.

Alikuwa mlinzi wa shule ya msingi ya Sibwesa, na alikuwa ametoka huko tangu jana kufuata mshahara. Nyuma yake, kwenye kibaraza cha Idara ya Elimu, walikuwa wamebaki walinzi wawili na mpishi mmoja, wote wamekaa kimya kama watu wanaosubiri sindano. Pudensiana Lyamba alipiga mstari mmoja juu ya doa lile, akaandika pembeni "limekosewa," akatia saini ndogo. Kisha akalishika dole la Ngolo yeye mwenyewe, akalikandamiza mahali pake. Lilikuwa limelika kwa jembe na kamba za ng'ombe. Karatasini halikuacha mistari, lilitoka doa jeusi tupu.

"Sasa mama, mkaguzi akija atajuaje hili ni langu? Doa kama hilo hata mbuzi angeweka."

"Atajua kwa sababu nimeandika hapa kwamba nilikuwapo, nikaona." Akamwonyesha safu ya mwisho, safu ya shahidi, ambako jina lake lilishuka mstari baada ya mstari.

"Kumbe dole langu ni wewe," alisema Ngolo, akachukua pesa zake, akaondoka.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na saba. Vumbi la Mpanda lilikuwa limeshaingia kwenye madaftari, kwenye chai, na kwenye nywele za Pudensiana. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka minne alikuwa ameketi kwenye kiti cha mweka hazina wa elimu wa wilaya, lakini kwenye kila barua, mbele ya cheo hicho, lilitangulia neno moja: Kaimu. Aliyapeleka malipo ya shule zote, za mjini, za Mwamkulu, mpaka za Mishamo, na hakuna mkaguzi aliyewahi kumwandikia hoja ya ukaguzi. Hata hivyo mshahara wake ulibaki wa karani wa hesabu.

Ili neno Kaimu liondoke, ilitakiwa asajiliwe na Bodi ya wahasibu. Alikuwa amesoma kozi ya miezi tisa chuoni, halafu mitihani miwili ya Bodi kwa njia ya posta, akisomea koroboi huku binti yake Upendo amelala miguuni pake. Ulibaki mtihani wa mwisho, wa mwezi wa kumi na moja. Alikuwa ameomba fomu ya kuufanya tangu mwezi wa sita, na kila treni ilipoingia alimuuliza Kasimu, tarishi wa ofisi, kama kuna bahasha yake. Mwaka huo alikuwa na sababu ya kuuliza. Waraka ulikuwa umekuja: wanaoshika kazi za hazina bila usajili, wala bila kuandikishwa kwenye mtihani, majina yao yaingie kwenye orodha ya kupunguzwa kazini.

Alikuwa amemaliza kumlipa mpishi wakati Kasimu alipoingia akiwa ameshika bahasha ya kaki kwa ncha za vidole.

"Mama Upendo, hii ilikuwa kwa Bwana Utumishi. Kaniambia nikuletee." Akasita. "Naona ililala kidogo."

Pudensiana aliutazama mhuri wa posta. Ilikuwa imelala wiki tatu.

Ndani zilikuwamo fomu mbili zinazofanana, moja ya Bodi na moja ya jalada la ofisi, pamoja na kikaratasi: fomu ya Bodi ifike kituo cha mtihani cha Tabora kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Treni ya kwenda Tabora ilikuwa inaondoka siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Nyingine ingeondoka Jumamosi.

Aliisoma fomu akiwa amesimama. Jina, shule, chuo, matokeo. Vyote angeweza kuvijaza kwa dakika kumi. Kipengele cha tisa ndicho kilichomkalisha. "Nathibitisha kwamba mwombaji amefanya kazi chini ya usimamizi wangu kwa muda usiopungua miaka mitatu. Saini ya mhasibu aliyesajiliwa. Namba ya usajili." Chini yake: "Mwajiri ahakikishe saini na kugonga mhuri."

Katika wilaya nzima hapakuwa na mhasibu aliyesajiliwa aliyekuwa bado kazini. Ndiyo maana yeye alikuwa Kaimu. Aliyekuwapo, Mzee Makarius, alistaafu miaka minne iliyopita akarudi kwenye mashamba yake ya mpunga Mwamkulu. Kwa miaka saba Pudensiana alikuwa amekaa meza ya pili kutoka kwake. Kila jioni mzee alipitia kazi yake kwa penseli nyekundu, akiweka tiki kwenye kila mstari uliokuwa sawa. Hakuwahi kuweka mkasi wa kosa. Mstari uliokosewa aliuacha mtupu, akaondoka kwenda nyumbani, nawe ukabaki unautazama mpaka uone mwenyewe.

"Kasimu, baiskeli yako iko wapi?"

"Ipo. Lakini tairi la nyuma lina viraka vitatu, usipande mawe." Akampa ufunguo wa kufuli. "Bora hiyo kuliko za kukodi. Kule sokoni wamepandisha tena, eti mafuta ya taa yamepanda. Sijui siku hizi baiskeli zinakunywa mafuta ya taa."

Pudensiana aliweka fomu ndani ya daftari, daftari ndani ya mkoba. Kidau cha wino wa dole gumba kilikuwa bado mezani. Akakitia mkobani nacho, kwa mazoea tu.

*

Kufika Mwamkulu kulimchukua zaidi ya saa moja. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na kwenye majaruba yaliyokauka ng'ombe wa wafugaji walikuwa wanamaliza mabua. Alishuka kwenye baiskeli kabla hajafika uani, kama mtu anayeingia kanisani.

Imakulata, mke wa Mzee Makarius, alikuwa anapeta mchele. Ua ulikuwa umefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana kwenye udongo.

"Pude, mwanangu. Leo siyo Jumapili."

"Shikamoo, mama. Nimekuja na kazi."

"Marahaba. Kazi ya nani? Huyu wa kwangu hana kazi tena, labda kufukuza kuku." Alisema hivyo kwa sauti ili mumewe asikie, kwa sababu ndivyo walivyozoea kutaniana. Lakini alipoinuka akamsogelea Pudensiana, sauti yake ilishuka. "Leo yuko vizuri. Kanywa uji. Ila maneno bado yanakwama."

Mzee Makarius alikuwa ameketi chini ya upenu wa jiko, kwenye kiti chenye mito miwili. Kiharusi kilikuwa kimempata mwezi wa tatu, asubuhi, akiwa ameinama kufunga kiatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Pudensiana alipiga goti, akamsalimu, akamweleza taratibu. Alisoma kipengele cha tisa mara mbili.

"Mi-a," alisema mzee. Akapumzika. "Mia tatu kumi na mbili."

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo namba yako. Nitaijaza mimi. Inatakiwa saini tu."

Imakulata alikuwa amesimama nyuma yao, amejifunga kanga kiunoni. "Si aweke dole? Siku ile ya pensheni benki walitaka aweke dole."

Bila kufikiri, Pudensiana alikuwa ameshatia mkono mkobani na kukitoa kile kidau. Mzee Makarius alikiona. Aligeuza uso upande wa majaruba, na jicho lake la kulia, lililokuwa halifumbi vizuri tena, likaanza kutoa chozi. La kushoto lilibaki kavu. Ilikuwa vigumu kujua kama ni ugonjwa au ni yeye.

Pudensiana alikirudisha kidau mkobani. Alijiona kama mtu aliyemvua mzazi nguo.

"Samahani, Mzee. Fomu inasema saini."

"Ka-lamu."

Aliiweka fomu juu ya daftari, daftari juu ya ungo uliogeuzwa, Imakulata akaushika ungo usiteleze. Mzee Makarius aliichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Kwanza aliishika kama kijiko. Pudensiana alinyoosha mkono amwelekeze vidole, akaurudisha.

Ilichukua karibu nusu saa. M ilianza juu ya mstari, ikashuka chini ya mstari, ikavunjika. Alipumzika, akafumba macho, akaanza tena palepale alipoachia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, Imakulata akamfuta kwa pindo la kanga bila kuuachia ungo. Kuku walikuja mpaka miguuni pao na hakuna aliyewafukuza. Alipomaliza, kulikuwa na kitu kama uzi uliokunjamana, na ukijua kilikuwa jina gani, ungeweza kulisoma.

Alibaki anakitazama. "Mba-ya," alisema.

"Inasomeka, Mzee."

"Ya pi-li?" Alikuwa ameiona nakala ya pili.

"Hiyo ni ya jalada tu. Hii moja inatosha." Alimwona jinsi alivyochoka, na hakutaka kumwomba tena.

Imakulata alimsindikiza mpaka njiani. "Wakishaipokea upite utuambie. Hata kama ni jioni, utalala hapa. Usipokuja huyu hatalala."

"Nitapita, mama."

*

Bwana Silvesta, afisa utumishi, alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha kwa karanga juu ya gazeti la zamani. Ilikuwa saa nane kasoro. Alimkaribisha Pudensiana, akasogeza gazeti, akamgawia kipande. Pudensiana hakuwa amekula tangu asubuhi, lakini alikishika tu mkononi.

Silvesta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba, na hofu yake ilikuwa imegawanyika sawasawa kwa wote saba. Alifuta vidole, akaisoma fomu, akafungua kabati na kutoa jalada la zamani la Mzee Makarius. Ndani kulikuwa na kadi ya saini ya mfano. Akaweka vile vitu viwili sambamba.

Kwenye kadi, M ilisimama kwa miguu yake mitatu kama kigoda, na mwisho wa jina mstari mrefu ulirudi nyuma ukalikata jina lote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayefunga mlango wa ofisi kabla ya kwenda nyumbani. Kwenye fomu kulikuwa na ule uzi.

"Hii siyo saini ya Mzee Makarius," alisema Silvesta.

"Ni yake. Ameiweka leo, mimi nikiwa mbele yake. Ni ya mkono wa kushoto. Wa kulia haufanyi kazi tangu mwezi wa tatu, unajua."

"Najua. Na ninaamini."

"Basi gonga mhuri, Bwana Silvesta."

"Mimi naamini, dada. Mhuri hauamini." Alikigusa kile chuma kilichokuwa juu ya kibweta chake cha wino, bila kukiinua. "Tangu ule mchezo wa hati za malipo hewa, waraka unasema saini yoyote ilinganishwe na ya mfano, na aliyelinganisha aandike jina lake. Nikiandika jina langu hapa, halafu mtu wa Tabora akaona hii, kama kuku kapita kwenye majivu, ataniuliza mimi. Siyo wewe. Mimi."

"Naweza kuandika pembeni kwamba mkewe alishuhudia. Mama Imakulata anajua kuandika. Kwenye karatasi za mishahara tunafanya hivyo kila mwezi."

"Kwenye karatasi za mishahara kuna safu ya shahidi. Hapa nionyeshe iko wapi."

Pudensiana aliitazama fomu kana kwamba safu ingejitokeza. "Asubuhi nimemlipa mlinzi wa Sibwesa kwa doa tu la wino," alisema polepole. "Wakaguzi watalikubali. Mlinzi anaruhusiwa kuwa na shahidi. Mhasibu haruhusiwi."

"Mhasibu anatarajiwa awe na saini yake."

Kipande cha muhogo kilikuwa kimeanza kuvunjika kiganjani mwake. Silvesta alikohoa, akaangalia mlangoni, kisha akashusha sauti, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli.

"Dada Pude, sikiliza. Barua yako ililala mezani kwangu, sikatai. Nilidhani ni yale matangazo yao ya semina. Kwa hiyo nataka kukusaidia. Umekaa na Mzee miaka saba. Saini yake unaijua kuliko mkewe. Fomu ya pili si hiyo hapo, tupu? Kaa mezani kwako. Iandike vizuri, kama hii ya kwenye kadi. Uniletee, nilinganishe, nigonge. Sitakuuliza kitu."

"Niighushi."

"Usilitumie hilo neno. Mzee amekubali, au hakukubali?"

"Amekubali."

"Basi si kitu kilekile tu? Tena hiyo itakuwa safi." Akafunga jalada. "Orodha inakwenda mkoani Sumbawanga mwezi wa tisa. Mwenye kuliandika jina lako ni mimi. Usinifanye niliandike."

Pudensiana alirudi mezani kwake. Ofisi ilikuwa tupu, wengine walikuwa wamekwenda kula. Aliiweka fomu ya pili mbele yake. Kabla ya kuigusa alichukua karatasi ya kukaushia wino, akajaribu hapo kwanza. Hakuhitaji kutazama kadi. Mkono wake ulijua: kigoda chenye miguu mitatu, na ule mstari wa kufunga mlango. Ilitoka mara ya kwanza, haina kosa. Akaitazama na kuogopa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kule Mwamkulu mtu alikuwa ametoka jasho nusu saa. Yeye alikuwa ametumia muda wa kupiga chafya.

Akamkumbuka Mwalimu Abednego wa Sibwesa. Alifariki tarehe ishirini na moja, na mshahara wake wa mwezi ule ulikuwa umeshafika. Mjane wake alikuja amebeba mtoto mgongoni, na watu wote ofisini, kwa kumhurumia, walisema mtu amsainie marehemu, mama achukue, mambo yaishe. Mzee Makarius alikataa. Waliona ana roho ngumu. Kisha kwa miezi mitatu aliandika barua, akazifuata mwenyewe mpaka Sumbawanga, mpaka yule mjane akalipwa kwa jina lake mwenyewe, kwa dole lake mwenyewe. Siku ile ndipo Pudensiana alipomuuliza kwa nini hakukubali njia fupi.

"Ukimwandikia mtu saini yake," mzee alimjibu, "umeshasema huyo mtu hayupo."

Abednego kweli hakuwapo. Lakini Makarius alikuwapo. Alikuwa ameketi chini ya upenu wa jiko, na saa ile labda alikuwa anaambiwa ale na anakataa. Saini yake ya leo ilikuwa mbaya kwa sababu yeye mwenyewe alikuwamo ndani yake: mkono, jasho, pindo la kanga. Kuichukua hii nzuri na kuitupa ile, ingekuwa kama kumzika huku anakutazama.

Aliikunja karatasi ya kukaushia wino, akaichana vipande vidogo, akavitia mfukoni badala ya kwenye pipa la taka.

Silvesta alikuwa ameshanawa mikono. Aliinua mhuri alipomwona, tayari.

"Gonga hii," alisema Pudensiana, akiisogeza mbele yake fomu ya kwanza.

Mhuri ulirudi mezani polepole. "Dada. Siwezi."

"Basi niandikie kwamba umekataa. Na sababu."

"Nani aliwahi kuandika kwamba amekataa?" Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka tu. "Kukataa hakuna fomu."

*

Ukutani, stesheni, ratiba ya zamani ilionyesha treni inaondoka saa tisa. Saa kumi na robo mabehewa yalikuwa bado yamesimama, watu wanapitisha magunia na kuku madirishani. Deo, karani wa vifurushi, aliipokea bahasha, akaigeuza upande huu na ule.

"Ni ya kiofisi hii? Sioni mhuri."

"Haina mhuri."

"Basi unalipa kama mtu binafsi, mama. Na bei ni mpya. Tangu mwezi wa saba kila kitu kimepanda, hata mimi nimepanda, ila mshahara haujui."

Pudensiana aliomba bahasha arudishiwe kidogo. Alikuwa bado hajaifunga. Akaitoa fomu, akaiweka juu ya kaunta, akatafuta mahali patupu. Hapakuwa na safu. Akaandika kwenye ukingo, wima, kwa herufi ndogo zilizonyooka: "Saini ya mkono wa kushoto ya Mhasibu Na. 312. Nilikuwapo, nikaona." Akaandika jina lake. Mbele ya cheo chake mkono ulitaka kuandika Kaimu kama kawaida. Aliuzuia. Akaacha jina peke yake.

Alijua fomu isiyo na mhuri hufanywa nini. Yeye mwenyewe, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa amezirudisha kwa walimu, zikiwa na karatasi ndogo imebanwa kwa pini: haikukamilika. Alijua hata pini yenyewe ingekuwa ya namna gani. Alilipa kwa pesa ya mafuta ya taa. Akamtuma mchuuzi mmoja wa karanga ampitie jirani yake, amwambie Upendo leo alale kwa jirani huyo.

Treni ilipiga honi, ikaondoka. Alisubiri mpaka behewa la mwisho lilipopita, kisha akapanda baiskeli ya Kasimu akashika njia ya Mwamkulu, jua likimchoma ubavuni.

Kwenye kilima kidogo kabla ya majaruba, tairi la nyuma liliishiwa upepo. Akashuka, akaisukuma. Njiani alitafuta maneno ya kusema. Alijaribu moja, akaliacha. Alijaribu lingine.

Imakulata alimwona kwa mbali, akaja mpaka kwenye mfereji uliokauka kumpokea. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetaka kugomba ila hajui amgombeze nani.

"Nyie watu wa ofisini mmemfanya nini huyu mzee? Tangu umeondoka hajaingia ndani. Chakula hataki. Nimemwambia jua, hasikii. Njoo uone uwanja wangu."

Pudensiana aliingia na kusimama. Ua ule uliofagiwa asubuhi ulikuwa umeandikwa wote. Mzee Makarius alikuwa ameshika fimbo kwa mkono wa kushoto, na kiti chake kilikuwa kimehama. Kwa alama za miguu ya kiti ungeweza kufuata alikoanzia, pale upenuni, na jinsi Imakulata alivyokuwa akimsogeza hatua kwa hatua, pengine huku analalamika. Upenuni palikuwa na mikwaruzo tu, vipande vya mistari ambavyo havikuwa jina la mtu yeyote. Mbele kidogo M ilikuwa imepata mguu wa pili. Karibu na banda la kuku ilikuwa na yote mitatu, lakini inapepesuka. Na hapa mwisho, mbele ya magoti yake, kilisimama kigoda kizima, na mstari mrefu ulikuwa umerudi nyuma ukalikata jina. Ulitetemeka katikati, lakini ulifika.

Aliiegemeza baiskeli nje, akazunguka kando ya ua ili asikanyage hata moja.

"Shikamoo, Mzee."

"Mara-haba." Mzee alimtazama usoni. "Ime-pita?"

"Imeondoka na treni," alisema Pudensiana.

Zamani, ofisini, Mzee Makarius angevua miwani na kumwambia: nimekuuliza salio, wewe unanijibu tarehe. Jicho la kulia lilianza tena kutoa chozi, na safari hii la kushoto nalo. Hakumuuliza kitu kingine. Labda maneno yalikwama, au aliyaacha mwenyewe.

Kisha akainua fimbo akaonyesha ile saini ya mwisho. "Waki-taka nyingine," alisema. "Sasa na-weza."

"Ndiyo, Mzee."

"I-kague."

Akamgeuzia fimbo, upande wa kushikia ukimwelekea Pudensiana, kama alivyokuwa akimpa penseli nyekundu siku zile alipomfundisha kukagua kazi ya wengine. Imakulata alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono imeshika kichwa, kisha akageuka kuwafukuza kuku waliokuwa wanakuja kutafuta pa kulala.

Pudensiana aliipokea fimbo kwa mikono miwili. Mzee alikuwa anaitazama ile nzuri, akisubiri. Lakini Pudensiana aliipita, akaenda mpaka upenuni, kwenye mikwaruzo ile ya mwanzo ambayo haikusomeka kabisa. Akachuchumaa, akaanzia hapo, akaweka tiki. Kisha akasogea kwenye ya pili.